Taa ya eabegi kwenye dashibodi inamaanisha nini

Eabegi ni ule mfuko wa hewa unaofunguka gari ikigonga. Ile taa yake nyekundu yenye kamtu kamekaa na duara mbele ya kifua, gari nyingine zinaandika SRS tu, yaani kifupi cha mfumo wa eabegi, ukiwasha swichi inatakiwa iwake sekunde chache alafu izime yenyewe, hapo kompyuta ya eabegi imejikagua ikaona kila kitu kipo sawa. Ikiganda, au ikiwaka ukiwa njiani, imekuta hitilafu, na gari nyingi zikifika hapo mfumo unajifunga, siku ukigonga mfuko unaweza usifunguke kabisa. Inaniuma sana kuona mtu anatoka Tanga mpaka Dar na watoto ndani huku taa inawaka na anakwambia gari haina shida. Kutembea itatembea, injini haihusiki hapo.

Chanzo chenyewe mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyoogopa. Chungulia chini ya siti za mbele utaona soketi za njano, hiyo njano ndo alama ya nyaya za eabegi na za mikanda ya kujikaza, sasa we ukipita Muheza unasukumia mifuko ya machungwa chini ya siti, siti nayo kila siku mbele nyuma, soketi inalegea. Alafu huku kwetu pwani kuna unyevu na hewa ya chumvi, waosha magari nao wanamwaga maji mpaka kwenye kapeti, pini zinaota kutu. Kingine ni utepe wa nyaya uliojikunja ndani ya usukani, ukikatika mara nyingi na honi inagoma au batani za redio za kwenye usukani zinakufa, kwahiyo ukiona taa na honi vimeharibika pamoja anzia hapo. Betri iliyochoka nayo huwa inaiwasha.

Usikimbilie kununua spea. Tafuta fundi umeme mwenye mashine inayosoma SRS, maana vile vidude vya bei rahisi vya kuunganisha na simu vingi vinasoma injini tu vitakwambia gari ni nzima, haina shida. Kodi za eabegi, yaani zile alama za hitilafu ambazo mashine inasoma, kwa kawaida zinaanza na herufi B na zinataja upande, dereva au abiria au mkanda. Kufuta kodi bila kurekebisha ni bure, itarudi.

Kabla hujagusa soketi yoyote ya njano zima swichi, chomoa waya wa negativu wa betri, usubiri. Toyota wanasema sekunde 90, mi naomba ungoje dakika kadhaa kabisa kwasababu kompyuta inabaki na chaji ya akiba. Na usiweke mita kupima eabegi yenyewe tafadhali, umeme mdogo wa mita unaweza kuifyatua ikakupasukia usoni.

Kuna mafundi wanang'oa balbu, au wanaunga waya wa hiyo taa na taa nyingine zizime pamoja, au mfuko ulishalipuka wanaweka rezista, kidude kidogo cha kuzuia umeme, kuidanganya kompyuta ione eabegi bado ipo. Ukienda kununua gari ya mkononi washa swichi uangalie, taa ya eabegi isipowaka hata zile sekunde za mwanzo, muulize muuzaji kabla hujatoa hela.