Darkwood: msitu unaotisha hata ukitazamwa kutoka juu

Kwa sisi tunaotengeneza sauti za gemu, kamera inayotazama kutoka juu ni mtihani. Mchezaji anaona kila kitu kama mwewe anavyoona vifaranga uani: nyumba, njia, miti, adui anayekuja. Hofu inataka ukaribu, na aliye juu yuko mbali. Ndiyo maana gemu nyingi za kutisha humweka mchezaji ndani ya macho ya mhusika, au nyuma ya bega lake. Darkwood ilibaki juu. Na ndiyo gemu pekee ya msituni iliyowahi kunifanya nivue hedifoni usiku nikaangalie kama mlango wangu mwenyewe umefungwa.

Iliundwa na Acid Wizard Studio, kikundi kidogo cha marafiki wa Poland. Walichangisha fedha mtandaoni mwaka 2013, wakaanza kuuza toleo ambalo halijakamilika mwaka 2014, na gemu kamili ikatoka Agosti 2017. Hadithi yake iko hukohuko Poland, enzi za ukomunisti. Msitu umeota ukafunga barabara zote, na waliobaki ndani wanaugua na kugeuka. Unacheza kama mtu asiye na jina, asiyesema neno, mwenye haja moja tu: kutoka. Msitu huu ulianzaje na una nini ndani yake, hayo unayaokota kidogo kidogo kutoka kwa watu usioweza kuwaamini. Kuna mwenye kichwa cha mbwamwitu, kuna kijana mpiga fidla, kuna daktari naye anayetafuta njia ya kutoka. Kumsaidia mmoja mara nyingi ni kumdhuru mwingine, na huwezi kurudi nyuma kufuta ulichofanya. Siri zenyewe sizitaji, zichimbe mwenyewe.

Ninachotaka kueleza ni jinsi walivyoitibu ile kamera.

Mhusika wako ana pembe ya macho, mfano wa mwanga wa tochi unaopanuka mbele yake. Ndani ya pembe hiyo unaona kila kitu. Nje yake mazingira yanabaki yakionekana kwa ufifi, miti na kuta unaziona, lakini viumbe huwaoni. Kwa kawaida, kupata kitu kama hiki kwenye programu tunatuma mistari kutoka kwa mhusika kwenda mbele. Kila mstari unasimama ukigonga ukuta au shina la mti, na eneo linalobaki kati ya mistari hiyo ndilo analoliona. Ni kazi ya kawaida kabisa, na michezo mingi ya kunyatia maadui inaitumia. Tofauti ni kile kinachofuata. Kwenye michezo hiyo, pembe ya macho ni ya mlinzi na wewe unaikwepa. Hapa ni yako, na haikutoshi. Ukitazama mlango, umeligeuzia mgongo dirisha. Skrini nzima iko mbele yako, unaona chumba chote, na bado hujui nani yuko chumbani.

Hapo ndipo sauti inapochukua nafasi ya macho. Picha ya kiumbe inakatwa pembe inapoishia, ila nyayo zake hazikatwi. Ubao unalia upande wa kushoto. Mlango ambao hukuugusa unafunguka. Unageuka, na kwa kugeuka unaacha wazi upande mwingine. Kwa hiyo msicheze gemu hii kwa spika za kompyuta au za televisheni, nawasihi. Bila hedifoni itakuwa vigumu kujua sauti inatoka kushoto au kulia, na mtakuwa mmepoteza nusu ya gemu.

Mchana unatoka kutafuta mbao, misumari, petroli na chakula. Ramani unayo, lakini haikuonyeshi uliposimama mpaka ukutane na alama inayojulikana, kwa hiyo kupotea ni jambo la kila siku. Kuna pia dawa unayoipika kutokana na vitu vya msituni na kujidunga mwenyewe. Inakupa nguvu fulani na kukutwisha udhaifu fulani. Mimi sikuvutwa sana na sehemu hiyo. Usiku ndio moyo wa gemu. Giza likiingia ni lazima uwe kwenye maficho yako, maana ukikutwa nje hutafika mbali. Unapigilia mbao madirishani, unasukuma kabati mlangoni, unawasha jenereta, kisha unasubiri. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Usiku wa Darkwood unakawia. Kuna usiku unaopita kimya kabisa, na huo ndio ulionichosha kuliko yote, kwa kuwa nilikaa kona moja nikisikiliza jenereta na kuhesabu petroli iliyobaki.

Watengenezaji walisema wazi kwamba gemu yao haitegemei vishtuko vya ghafla. Nawaheshimu kwa hilo. Kumrukisha mtu kwa kelele ni rahisi, sikio la binadamu limeumbwa hivyo, na kishtuko kinaisha papo hapo. Kumfanya mtu aogope kufungua mlango aliousukumia kabati kwa mikono yake mwenyewe kunahitaji subira ya miezi.

Kitu kingine kilichonifanya niwapende: siku chache baada ya kuitoa, waliiweka gemu yao wenyewe kwenye The Pirate Bay, tovuti inayojulikana kwa nakala za wizi, salama na bila kufuli yoyote ya kuzuia kunakili, kwa ajili ya wasio na uwezo wa kulipa. Ombi lao lilikuwa kwamba mtu akiipenda ainunue baadaye, na asinunue kwa walanguzi wa namba za kufungulia gemu.

Nilipoanza kazi hii nilitengeneza kipande cha msitu kwa mazoezi. Niliweka bundi, upepo, mbweha na muziki mzito chini ya vyote. Kila niliyempa acheze alipita msituni kama anayekwenda dukani. Baada ya Darkwood nilikifungua tena kipande kile nikafuta muziki, nikafuta bundi na mbweha. Upepo niliupunguza mpaka ukawa karibu hausikiki. Kisha niliongeza sauti moja tu, kijiti kikivunjika nyuma ya mchezaji, hatua kama kumi hivi, mara moja tu katika safari nzima. Dada yangu alicheza wiki iliyopita. Kijiti kilipovunjika alisimama, akageuka, akakaa akitazama miti mitupu kwa muda mrefu, na hakutaka tena kuipa mgongo.