Taa ya kibodi kuwaka si ushahidi

Jana tena mtu kanitumia picha ya bodi yake ya kuigiza teminali (saketi ndogo inayokuwezesha kuongea na kompyuta nyingine kwa maandishi tu, kwa kibodi na skrini), kibodi ya USB imechomekwa, taa inawaka, ananiambia eti kibodi ni nzima, si unaona taa, kwa hiyo chipu ya bodi ndo imekufa. Jamani, hapana!

Taa inakwambia kitu kimoja tu, kwamba volti 5 zimefika. Waya za data ni nyingine, D+ na D-, na hizo zinaweza kuwa zimekatika kabisa na taa ikawaka vizuri tu. Hata ule mmweko wa taa zote ukichomeka, mara nyingi ni kibodi yenyewe inaamka, haijasalimiana na mtu bado.

Bonyeza Caps Lock. Kwenye USB kibodi haijiwashii taa hiyo, inapeleka habari kwamba kitufe kimebonyezwa halafu bodi ndo inairudishia amri ya kuwasha, kwa hiyo ikiwaka na kuzima ujue wanaongea pande zote mbili, achana na soketi, katafute tatizo kwenye programu au kwenye laini ya siriali (waya zinazopeleka herufi kati ya bodi na kompyuta). Isipowaka, nakiri kipimo hiki kina tundu, kuna programu za bodi hizi ambazo hazitumi amri ya taa kabisa, herufi zinaingia na Caps Lock imenuna vilevile. Usihukumu kwa hilo peke yake.

Shika multimita (kipima umeme), bodi ikiwa imewashwa na kibodi imechomekwa. Kibodi nyingi za kawaida ni za spidi ndogo, megabiti 1.5 kwa sekunde, na ndani zina rizista ya kiloomu 1.5 inayovuta D- juu. Ukipima kati ya D- na graundi (waya hasi) utapata karibu volti 3, na D+ karibu na sifuri. Zote sifuri? Waya imekatika au soketi haijalehemiwa vizuri kwenye bodi. D+ ndo iko juu? Hapo usikimbilie kusema umezigeuza, kibodi za spidi kamili, megabiti 12, ndo zilivyo, jaribu kwanza na kibodi nyingine ya bei rahisi isiyo na mbwembwe. Na kibodi zenye hab ndani (kigawanyio cha USB, chenye soketi za ziada) ziweke pembeni, bodi nyingi ndogo haziijui hab.

Ukiniandikia nipe namba mbili, ya D+ na ya D-. Picha ya taa hainisaidii kukusaidia.