Je, wajua kwa nini kompyuta hugoma kuwaka ukiongeza hadi diski (hard disk, ile ya kuhifadhia faili) ya pili?

Hii maneno husumbua watu sana hapa Kisumu, hasa wenye saiba na wanafunzi walio na desktopu za mitumba. Mtu ananunua hadi diski iliyotumika apate nafasi ya kuweka muvi, fundi anaifunga ndani, kuwasha mashine ni skrini nyeusi na maandishi meupe, "BOOTMGR is missing", yaani programu ya kuwashia Windows haionekani, na hapo mwenyewe anashika kichwa ati Windows imefutika. Haijafutika bana. Iko palepale kwa diski yake ya zamani, ni vile kompyuta imeenda kuitafuta kwa diski nyingine.

Ukibonyeza swichi, Windows si ya kwanza kuamka. Kuna kaprogramu kwa madabodi (ile bodi kubwa ya ndani) kanaitwa BIOS, na kenyewe hufuata tu orodha ya diski, hii kwanza halafu ile. Ukichomeka diski nyingine orodha inaweza kujipanga upya, saa zingine kwa kufuata namba za matundu ya SATA (pale kebo za diski huchomekwa), kwa hivyo kama fundi alimpa mgeni, yaani diski uliyoongeza, tundu la kwanza, mgeni ndiye anaulizwa kwanza.

Sasa mbona diski mpya ya boksi haisumbui hivyo? Hapa ndipo kuna utamu. BIOS husoma sekta ya kwanza ya diski (kipande kidogo cha mwanzo), baiti 512 peke yake, na kuangalia baiti 2 za mwisho. Zikiwa 55 na AA, inaamini hapa kuna kitu cha kuwasha, inaachilia usukani, na ikishaachilia mara nyingi hairudi kujaribu diski inayofuata. Diski mpya haina hiyo alama basi inarukwa. Ya mitumba ilikuwa na Windows huko ilikotoka, muuzaji akaifomati akakuambia iko safi, na kweli faili hazionekani, lakini kufomati patisheni (sehemu ya diski inayobeba faili) hakugusi ile sekta ya kwanza.

Kwa hivyo zima, chomoa stima, toa kebo ya diski uliyoongeza, washa. Ikiwaka, mchawi umemjua. Irudishe, ingia BIOS (kitufe cha Dell ni F2, HP nyingi ni F10), peleka diski yenye Windows juu kabisa, sevu. Isipowaka hata bila mgeni, kagua kebo za ile ya zamani, mkono wa fundi hugusa mengi humo ndani. Na kama mashine ni ya kitambo, ile ya kebo pana bapa, angalia jampa (kale kaplastiki nyuma ya diski ka kuchagua Master au Slave, yaani ya kwanza au ya pili), diski mbili zote zikiwa Master kwa kebo moja hazielewani.

Ingine ya kuchunga: ukiweka Windows upya diski zote mbili zikiwa ndani, faili za kuwashia zinaweza kukaa kwa ile ya pili, halafu siku unaitoa umpee binamu yako, mashine haiwaki. Chomoa ya pili kwanza, weka Windows, ndio uirudishe.