Rejeta Haitobolewi na Chumvi Peke Yake

Rejeta ikitoboka hapa Mombasa, jibu la mafundi wengi ni moja: "Ni maji ya kisima, yana chumvi." Dereva hununua nyingine, huanza kutia maji ya chupa, na baada ya muda mfupi hiyo mpya nayo inavuja.

Chumvi ina makosa yake, sikatai. Lakini kinachoweza kutoboa haraka zaidi ni umeme uliopotea njia. Waya wa athi, yaani ule wa kurudisha umeme kwenye betri, ukilegea au kushika kutu (na hewa yetu ya bahari haichelewi), umeme wa stata, feni au redio iliyofungwa ovyo hutafuta njia nyingine ya kurudi kwenye betri, nao huipata kwenye maji ya rejeta. Alumini ya rejeta huliwa kidogo kidogo kutoka ndani.

Pima. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko. Weka mita ya umeme kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu ndani ya maji bila kugusa chuma. Washa injini, kisha taa, kisha feni, kimoja kimoja. Namba ikizidi takriban volti 0.1, fuata athi ya kifaa kilichoipandisha. Safisha viungo hadi ving'ae, kaza, ndipo umwage maji yote na kutia kulanti (kimiminika cha kupozea injini) na maji yaliyokenekwa (distilled), nusu kwa nusu. Kulanti si ya nchi za baridi tu: ina dawa ya kuzuia kutu, nayo huisha nguvu.

Na tafadhali, usiifunge rejeta yenyewe waya wa athi. Huko ni kuualika umeme upitie humo.