Kwenye NFS, seva haikujui kwa jina

Wengi huamini kwamba ukishiriki folda kwa NFS, yaani mfumo wa kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao, seva hukutambua kwa jina: ukiwa "asha" kwenye seva na "asha" kwenye kompyuta yako, kazi imekwisha. Sivyo. Katika mpangilio wa kawaida seva haiulizi nywila, wala haipimi ruhusa kwa jina. Inapokea namba ya mtumiaji, yaani UID, na kuiamini kama ilivyotumwa.

Tuseme asha ni 1001 kwenye seva, lakini kwenye kompyuta yake ni 1000. Faili lake mwenyewe la siri litamkatalia. Na kama 1000 kwenye seva ni juma, asha atasoma mafaili ya juma bila kizuizi chochote! Hapo watu hukimbilia chmod 777, amri inayompa kila mtumiaji ruhusa zote za faili, jambo linalonisikitisha kila nikiliona, maana linamfungulia kila mtu. Linganisha namba kwanza, kwa amri ya id, inayoonyesha UID, kwenye mashine zote mbili.

Kwenye Linux, mpangilio wa seva uitwao root_squash humnyima root wa kompyuta yako, yaani mtumiaji mkuu mwenye namba 0, mamlaka yake. Lakini root huyo huyo anaweza kujigeuza 1001 kwa su, amri ya kubadili mtumiaji. Anayetaka uthibitisho wa kweli aweke Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho wa mtumiaji, kwa chaguo la sec=krb5.