Waifai Kujaa Si Intaneti Kuwepo

"Waifai imejaa lakini hakuna kinachofunguka, basi ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, imekufa." Kwa kauli hii watu hununua ruta mpya bila sababu. Ile mistari ya waifai kwenye simu huonyesha kitu kimoja tu: nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta. Haijui lolote kuhusu njia inayotoka kwenye ruta kwenda kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Bomba la jikoni laweza kuwa zima kabisa huku maji yamekatwa mtaani.

Tafuta kwanza njia ipi imekatika. Kwenye kivinjari andika 192.168.1.1, au anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Ukurasa wake ukifunguka, simu na ruta vinaelewana. Tatizo liko mbele, kati ya ruta na kampuni. Kwa wenye faiba, yaani waya unaoleta intaneti kwa mwanga, taa ya ruta iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: huenda waya umekatika, umepinda mno au haukuchomekwa vizuri. Angalia pia kama kifurushi kimeisha.

Na tafadhali, usichokoe kile kitundu cha nyuma kwa pini. Ukikibonyeza kwa muda, hufuta mipangilio yote, pamoja na nywila uliyowekewa na fundi. Badala yake, zima ruta, subiri nusu dakika, washa.