Seva ya video nyumbani Kigoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

Hapa Mwanga nimezoea kuletewa kompyuta kuukuu na swali lilelile: "Kaka, niweke mfumo gani ili nyumba nzima itazame video?" Kabla hajafika kwangu, mwenye kompyuta ameshapewa majibu na fundi, jirani na mtu wa YouTube. Mengi kati ya majibu hayo si kweli, na humfanya anunue asichohitaji au aache kabisa. Linaniuma, maana mara nyingi alichobeba kinatosha.

Linalowakatisha tamaa wengi ni kwamba seva, yaani kompyuta inayohifadhi video na kuzirushia vifaa vingine vya nyumbani, inakula bando. Seva ya nyumbani haili bando kwa kuonyesha video. Sinema imo kwenye diski sebuleni, inapita kwenye ruta, inafika kwenye simu ya mtoto chumbani. Ruta hata ikiisha salio, vifaa vya ndani vinaendelea kuzungumza. Sinema ya 1080p kwa kawaida hutosheka na megabiti 5 hadi 10 kwa sekunde, na waya wa ruta ya bei ndogo hubeba 100. Bando linatakiwa siku ya kusakinisha, siku za masasisho, na pale unapotaka seva ivute picha za majalada na maelezo ya sinema.

Hata siku ya kusakinisha kuna njia ya kubana. Faili dogo la Debian, mfumo huria wa familia ya Linux, halifiki gigabaiti moja, lakini huendelea kuvuta vifurushi mtandaoni wakati wa kusakinisha. Toleo la DVD lina takriban gigabaiti 4 na limebeba vingi ndani yake. Ndugu wa Dar es Salaam akilipakua, linaweza kuja kwenye flashi na abiria wa treni, kisha flashi hiyo moja ikazunguka mtaa mzima bila kuvunja sheria, kwa kuwa leseni inaruhusu kunakili na kugawa. Jellyfin, programu ya kurusha video zenyewe, haimo kwenye DVD hiyo. Huvutwa peke yake kutoka kwenye hazina ya mradi wake.

Hapo ndipo maneno "huria" na "bure" yanapochanganywa. Bure ni kutolipa; huria ni msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, kuwa wazi kwa yeyote kuunakili na kuuendeleza. Plex, programu nyingine ya kurusha video, unaweza kuanza kuitumia bila kulipa, lakini msimbo wake umefungwa. Unraid, mfumo wa seva, imejengwa juu ya Linux, lakini ni ya leseni ya kulipia. Kisa cha Emby, nayo ya kurusha video, ndicho kinachonisaidia kuwaeleza watu. Ilikuwa wazi, kisha mwaka 2018 wenyewe wakaufunga msimbo. Desemba mwaka huohuo watu wakachukua msimbo uliokuwa bado huria, wakauendeleza kwa jina la Jellyfin. Kama programu ingekuwa ya bure tu bila kuwa huria, wasingekuwa na cha kuchukua.

Kuna ushauri mwingine unaosikika wa kitaalamu: weka TrueNAS, mfumo wa seva ya kuhifadhi mafaili, ndiyo yenye nguvu. Ni kweli ina nguvu. Zamani ikiitwa FreeNAS, na imejengwa kwa ajili ya diski nyingi zinazolindana kwa mfumo wa ZFS. Lakini inataka RAM ya gigabaiti 8 kwa uchache, na diski ya kuwashia iwe yake peke yake. Kompyuta mpakato nyingi ninazoletewa zina gigabaiti 4 na nafasi ya diski moja. Kumwambia mwenye mashine hiyo aweke TrueNAS ni kumwambia anunue nyingine. OpenMediaVault, mfumo mwingine wa aina hiyo, ni nyepesi zaidi, imejengwa juu ya Debian, na unaiongoza kwa kivinjari kutoka kwenye simu, kwa hiyo wanaoogopa skrini nyeusi ya amri wana pa kukimbilia. Nayo pia huitwaa diski nzima ya mfumo, video zikae kwenye nyingine. Ukiwa na eksteno, yaani diski ya nje, sawa. Ukiwa na diski moja tu, Debian tupu na Jellyfin juu yake ndiyo chaguo langu, na sijajuta.

Programu ya Kodi, watu huiita seva. Ni kitazamio, kazi yake ni kuonyesha kwenye runinga. LibreELEC, mfumo mdogo uliotengenezwa kwa ajili ya Kodi, unafaa sana kama una runinga moja na kompyuta imechomekwa hapohapo. Simu nne zikitaka kutazama vyumba vinne, tafuta seva.

"Video inakwamakwama, Linux hii nzito." Mara nyingi mfumo hauna kosa. Simu au runinga ikilielewa faili jinsi lilivyo, seva hulipitisha tu na prosesa inapumzika. Isipolielewa, seva hulazimika kulibadilisha papo hapo, na hapo mashine ya zamani inahema. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa HEVC, namna mpya ya kubana video, na chipu za Intel zilizotoka kabla ya kizazi cha 6, cha mwaka 2015, kwa jumla hazina msaada kamili wa kuifungua. Dawa ni kuyageuza mafaili hayo kuwa H.264, namna ya zamani inayoeleweka na vifaa vingi, usiku mmoja, mapema, kuliko kubadilisha mfumo.

Umeme nao. Nimesikia kwamba mfumo huria haudhuriki umeme ukikatika. Hudhurika kama mwingine. Mfumo wa mafaili wa ext4, unaotumiwa na Linux, huweka daftari la mabadiliko, kwa hiyo mara nyingi hurudi wenyewe salama, lakini faili lililokuwa likiandikwa laweza kupotea. Ndiyo maana naipenda kompyuta mpakato: ikiwa betri bado nzima, una muda wa kuizima kwa utaratibu. Kwenye Debian fungua faili la mipangilio liitwalo logind.conf, weka HandleLidSwitch=ignore, ukifunika kifuniko isilale. Tena hesabu ya LUKU inasema yenyewe: mashine ya mezani inayokula wati 60 mchana na usiku humaliza yuniti 43 kwa mwezi, ya wati 15 humaliza 11 hivi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la yuniti 75, tofauti hiyo ni kubwa.

Mjomba wangu wa Ujiji alinipigia kwa uchungu: "Mjomba, mfumo wako umeniulia diski. Haikubali kuandikwa." Nilimwamkia, nikamwomba asiifute. Eksteno yake ilikuwa ya NTFS, mfumo wa mafaili wa Windows, imetoka kwenye Windows iliyozimwa nusu. Tangu toleo la 8, kitufe cha kuzima mara nyingi huilaza Windows badala ya kuizima kabisa, na Linux ikiona diski imeachwa katika hali hiyo hukataa kuiandikia ili isiharibu kilichomo. Tuliirudisha kwenye Windows, tukaondoa uzimaji wa haraka, tukazima upya na kuichomoa kwa utaratibu. Ikafunguka, video zote zimo. Baadaye tulihamisha kila kitu pembeni, kwa sababu kufomati hufuta, kisha tukaifomati kwa ext4.

Kuna wanaoamini diski mbili zikiunganishwa kwa RAID, kila moja ikibeba yaleyale, basi wana nakala ya akiba. RAID huokoa siku diski moja inapokufa. Mtoto akifuta video ya harusi kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili sekunde hiyohiyo. Nakala ni ile iliyokaa mbali na seva. Video za harusi ya shangazi zimo kwenye eksteno iliyofungwa kabatini kwa dada yangu Gungu, nami huenda kuichomeka kila baada ya Idi.